Bosi Hapangiwi

"Mimi tangu nizaliwe sijawahi kusema uongo," Mama Stachi alipenda kutangaza, mikono imezama kwenye povu hadi viwikoni. Na kabla mtu hajapata nafasi ya kuguna, anamalizia mwenyewe: "Na huo ndio wa kwanza."

Wenzake wa udobini walishamzoea. Chumba chao kilikuwa nyuma kabisa ya hospitali ya serikali, kati ya jiko na mochwari, "ili mtu akishakula, na kabla hajafa, apitie kwetu abadilishe shuka." Ndivyo alivyowaelekeza wageni. Jina la Stachi alilipata kwa makoti ya madaktari. Koti akishalichovya kwenye wanga likakauka, lilisimama lenyewe bila mtu ndani. Inasemekana siku moja muuguzi mgeni aliliamkia koti lililoegemezwa ukutani, akaenda kulalamika kwamba daktari yule ana maringo, haitikii salamu.

Upande wa pasi alikaa Shangazi Pasi, mwanamke mpana wa mwili na wa moyo. Kwenye masinki alikuwepo Bi Kimya, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kunyamaza. Na mbele ya Mama Stachi, kila siku ya kazi, alisimama mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee. Huyo waliendelea kumwita Bibi Harusi ingawa harusi ilishasahaulika, maana asubuhi ya baada ya ndoa alitokea kazini na hina ikiwa bado mbichi, akasema mashuka hayajui kama mtu kaolewa.

Mashine ya kukamua haikuwepo tena. Kampuni ilipopewa udobi, kitu cha kwanza ilichofanya ni kuipeleka mashine matengenezo, nayo ikaenda kama roho inavyokwenda ahera. Kwa hiyo walikamua kwa mikono, wawili wawili: huyu anashika ncha hii, yule ncha ile, huyu anasokota kulia, yule kushoto, mpaka shuka linakuwa kamba, halafu wote wanaegemea nyuma kwa uzito wa nyonga zao mpaka maji yenyewe yanaomba radhi. Mama Stachi alikamua na Bibi Harusi. "Mkwe na mkamwana tukishavutana hivi kutwa nzima," alisema, "nyumbani hatuna tena la kuvutania."

Sasa tuje kwenye kampuni. Zamani waliajiriwa na hospitali: mshahara mdogo, lakini ukiugua unauguzwa, ukizaa unapewa likizo ya uzazi, na ukirudi unakuta ncha yako ya shuka inakusubiri. Halafu siku moja waliitwa uani, wakapangiwa viti vya plastiki, akaja kijana aliyevaa suti ya kubana na viatu vyenye ncha kali, ungedhani vinataka kukuuliza swali. Wakamwita Bwana Semina, kwa sababu hakuwahi kusema jambo bila kipaza sauti.

"Kina mama, dunia imebadilika!" akasema. "Serikali haina kazi ya kufua mashuka. Ajira ni mawazo ya kizamani. Kuanzia leo hakuna mwajiriwa hapa. Kila mmoja wenu ni mshirika wa kampuni. Kila mmoja ni nani?"

Wakatazamana.

"Ni bosi!" akajijibu. "Bosi wa nafsi yake! Na bosi anapangiwa kazi na mtu? Semeni na mimi: bosi hapangiwi!"

"Bosi hapangiwi," wakasema, kama watoto wa darasa la kwanza wanaosubiri kengele.

"Sisikii!"

"Bosi hapangiwi!"

Akagawa fulana za njano zilizoandikwa kifuani MIMI NI BOSI WANGU. Zilikuwa za saizi moja. Bibi Harusi ilimfika magotini. Shangazi Pasi iliishia mabegani na kugoma kushuka.

Bi Kimya akanyoosha mkono. "Baba, bosi akiugua?"

"Bosi mwenye akili anaweka akiba."

"Na bosi akizaa?"

Hapo macho yote yakamwendea Bibi Harusi, ambaye siku hizo tumbo lilikuwa linatangulia kuingia mlangoni, mwenyewe anafuata baadaye. Bwana Semina naye akaliona. Akatabasamu kwa huruma aliyojifunza mahali.

"Bosi anapumzika atakavyo. Lakini soko halimsubiri mtu. Akitoka yeye, anaingia bosi mwingine."

"Soko lipi hilo?" akauliza Mama Stachi. "La nyanya au la mitumba?"

Watu wakacheka, naye Mama Stachi akacheka, lakini moyoni alikuwa anapiga hesabu. Mwanawe alikuwa fundi wa kiwanda cha nguo, mpaka kiwanda kilipouzwa kikageuzwa ghala la nguo zilizoshonwa kwingine. Tangu hapo anazunguka na kisanduku chake cha vifaa kama mganga asiye na mgonjwa. Nyumba ilisimama juu ya mikono minne, miwili ya mkwe na miwili ya mkamwana. Bibi Harusi akienda kuzaa, ncha yake ya shuka inakwenda kwa mwingine, na hairudi.

Mabosi wakaanza kazi. Na kumbe bosi anafanya kazi peke yake! Kila mmoja akapewa rundo lake, la kupimwa kwenye mizani, na kusaidiana kukapigwa marufuku kwa sababu, alieleza Bwana Semina, ushindani ndio unaoleta maendeleo. Lakini shuka la hospitali lililolowa ni zito kama deni la maiti, na mtu mmoja halikamui. Wakabuni njia: unafunga ncha moja kwenye nguzo, unasokota nyingine. Waliokuwa wanaimba na kuchekana wakageuka watu wa kuwindana kwa macho, nani rundo lake limepungua, nani kamwahi mwenzake sabuni. Hata Bi Kimya maneno yalimpungua, akabaki na ya mtu wa kawaida.

Asubuhi moja Mama Stachi aligeuka akamwona mkamwana wake anavutana na nguzo. Kafunga shuka, kalisokota, kaegemea nyuma na tumbo lile, uso umebadilika rangi. Shuka likafunguka. Bibi Harusi akaenda chini, akakaa kitako kwenye maji ya sabuni, mikono yote miwili tumboni.

"Umeumia?"

"Hapana, Mama. Nimekaa tu." Akajaribu kutabasamu. "Bosi anapumzika atakavyo."

Mama Stachi alimwinua bila kusema neno, na wanaomjua walijua kwamba Mama Stachi akinyamaza, mtu atalia.

Wakati wa chai aliwakusanya nyuma ya kamba za kuanikia.

"Nisikilizeni. Nyie mnamjua wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, yule dobi wa hospitali ya ng'ambo ya mto. Na wao walifanywa mabosi na kampuni hii hii. Jana kanipigia simu. Wameshinda! Wamerudishwa kwenye ajira, likizo ya uzazi juu."

"Wee!" Shangazi Pasi akaachia kikombe. "Walifanyaje?"

"Walikuwa mabosi kweli kweli. Basi."

"Ngoja nimpigie, anieleze vizuri," Bi Kimya akasema, simu iko mkononi tayari.

"Usithubutu! Simu zao zinasikilizwa. Unataka kumponza wifi yangu?" Akashusha sauti. "Sisi tuliambiwa nini kwenye kipaza sauti, mchana kweupe, hospitali nzima inasikia? Bosi hapangiwi. Mimi ni nani nimpinge mtu aliyevaa tai? Kuanzia kesho tunachagua wenyewe cha kufua. Mashuka ya wodi zetu tunafua, yang'ae, mgonjwa hana kosa. Lakini makoti ya wakubwa, vitambaa vya meza, na hayo mashuka ya Wodi ya Maua, mimi kama bosi sijisikii."

Wodi ya Maua ilikuwa wodi mpya ya kulipia, yenye mapazia na mashuka ya waridi, iliyojengwa pale penye kivuli ambapo zamani walikaa ndugu wa wagonjwa. Ilikuwa karibu kufunguliwa na mgeni rasmi.

Wakaogopa, nani asiogope? Lakini kama wenzao wa ng'ambo wameshavuka, mto si una kina kinachojulikana? Mmoja akasema "haya," wa pili akasema "haya," na Shangazi Pasi akaenda kuipasua fulana yake ubavuni ili hatimaye imwingie.

Kesho yake Bwana Semina aliwakuta mabosi wake wamevaa njano tupu, wamekaa juu ya beseni zilizopinduliwa, wanakunywa chai.

"Kuna nini hapa?"

"Kikao cha bodi," akajibu Shangazi Pasi.

"Makoti ya madaktari yako wapi?"

"Yamewekwa kwenye ajenda," akasema Bi Kimya. "Lakini kabla ya ajenda kuna kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, na kabla ya hapo kuna kufungua kikao, na mwenyekiti hajafika, na mwenyekiti ni mimi."

Huku nyuma yao, kwenye kamba, mashuka ya wodi za kawaida yalikuwa yanapepea meupe kama meno ya mtoto. Waliyakamua wawili wawili, kama zamani, na nyimbo zilikuwa zimerudi.

Bwana Semina alipiga kelele. Wakamjibu kwa pamoja lile neno lake mwenyewe, na kwa sauti aliyowafundisha. Alipoona ukali haumsaidii, alimwita Mama Stachi ofisini, akamkalisha kwenye kiti laini kilichommeza mpaka magoti yakawa sawa na kidevu.

"Mama yangu," akaanza. Mama Stachi akajua kuna kitu kinatakiwa. Wanaume wa umri ule hawakukumbuki uzazi bure. "Mimi najua wewe ndiye kichwa. Nikufanye Bosi Kiongozi. Na yule binti yako, aende akazae kwa amani, nafasi yake nitamtunzia. Nakuapia. Wewe waambie tu wenzako wafue."

Tusidanganyane: moyo wake ulikuwa umeshakubali kabla kijana hajafunga mdomo. Alichokitafuta si ndicho hiki? Akasema atafikiri.

Jioni walirudi nyumbani kwa miguu, polepole, maana Bibi Harusi alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba sinia la mayai. Mama Stachi akamweleza yote. Walipofika mlangoni, mkamwana akamgeukia.

"Nikirudi, Mama, nitakamua na nani?"

"Na mimi."

"Na hao wengine wakifukuzwa?" Akaegemea mlango. "Shangazi yetu wa ng'ambo na wenzake hawakununuliwa mmoja mmoja. Walishinda wote. Si ndivyo alivyokwambia?"

Mama Stachi alishikwa na kikohozi kirefu. "Ndivyo," akasema kikohozi kilipoisha. "Ndivyo hivyo hivyo." Na akaona aibu, kitu ambacho kwa umri wake alidhani kilishamwishia kitambo.

Kesho yake akampelekea Bwana Semina jibu, mbele ya wote: "Bodi imekaa, mwanangu. Imekataa."

Siku ya mgeni rasmi ikafika. Bwana Semina alikuwa na akiba ya mwisho: alileta gari lililojaa wanawake aliowaokota mitaani. Wakashuka, wakapewa fulana mlangoni. Bi Kimya akawapokea, akawasimulia kila kitu kwa pumzi moja, tangu udobi ulipojengwa.

"Kwa hiyo na sisi ni mabosi?" akauliza mmoja.

"Tangu ulipoingiza kichwa kwenye hiyo fulana."

"Na bosi hapangiwi?"

"Amesema mwenyewe. Muulize."

Yule mwanamke akaangalia mizani, akaangalia nguzo, akaangalia tumbo la Bibi Harusi. Halafu akatafuta beseni, akaipindua, akakaa. Wenzake wakapindua zao.

"Fueni!" Bwana Semina akalia.

"BOSI HAPANGIWI!" Kwaya ilikuwa imeongezeka, na sauti za pili sasa zilikuwepo.

Mgeni rasmi alikuta meza kuu tupu kama mgongo wa punda. Wodi ya Maua ilikuwa na vitanda visivyo na hata ua moja. Mganga Mkuu wa hospitali alisimama kumpokea na koti lililokunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa usingizi mzuri. Mgeni akatazama huku na huku. "Hospitali hii hakuna shuka?"

"Yapo, mheshimiwa," ikasema sauti. Alikuwa Matroni, mkuu wa wauguzi, mwanamke ambaye hata homa ikimwona ilipungua. "Njoo nikuonyeshe."

Akampitisha wodi za kawaida. Kitanda baada ya kitanda, mashuka meupe, yamenyooka, yananukia jua. Ndugu wa wagonjwa wakaanza kupiga makofi, na hawakuwa wanampigia yeye. Msafara ukavutwa na makofi hayo mpaka uani, na pale mgeni akawakuta mabosi wa njano juu ya beseni zao, Bwana Semina katikati, tai imezunguka mgongoni.

Ndipo Matroni alipofanya kitu ambacho mpaka leo kinasimuliwa. Alimwendea Shangazi Pasi akasema, bila kutabasamu: "Nipe na mimi moja. Nimesikia wauguzi ndio tunafuata."

Akaivaa juu ya sare yake, akapindua beseni, akakaa.

Basi! Jiko lote likatoka na miiko mkononi. Wafagizi wakatoka. Walinzi wakaliacha geti na kuja, na mhudumu wa mochwari akatoka akifuta mikono, akisema wateja wake hawana haraka. Fulana zikaisha kwenye maboksi ya kampuni yenyewe. Wasiopata walifunga kitambaa chochote cha njano walichokiona. Uani pakajaa njano, na neno likapaa juu ya mapaa, bosi hapangiwi, bosi hapangiwi, mpaka wagonjwa wenye nguvu wakawa wanagonga vyuma vya vitanda kule ndani.

Wageni rasmi ni watu wa kunusa upepo. Huyu alimgeukia Mganga Mkuu: "Nani amewafanya watu hawa mabosi?"

Mganga Mkuu akamwonyesha Bwana Semina kwa kidole.

"Si mimi, mheshimiwa," Bwana Semina akasema, jasho linamtiririka. "Ni soko. Soko ndilo linaloamua."

Mama Stachi akasimama kwenye beseni yake. "Basi huyo Soko muiteni aje afue!"

Hata mgeni rasmi alicheka. Na mkubwa akishacheka mbele ya watu, hawezi tena kutoa amri ya kukufukuza. Mganga Mkuu, ambaye koti lake lilikuwa limemfundisha unyenyekevu siku nzima, akatangaza pale pale uani kwamba udobi unarudi mikononi mwa hospitali, watu wote kwenye ajira, waliokuja na gari pamoja nao, na likizo ya uzazi kama zamani. Akaulizwa na Matroni kuhusu wauguzi, jiko na walinzi. Akalinyoosha koti lake. Hao hawataguswa, akasema. Akarudishwa aseme tena, kwa kipaza sauti. "Sisikii!" Bi Kimya akamwambia, naye akasema tena.

Shangwe yake haielezeki. Shangazi Pasi alimbeba Mama Stachi mgongoni akazunguka naye kamba zote za kuanikia. Na wiki hiyo hiyo mashine ya kukamua ilirudi kutoka ahera, nyuma ya lori la kampuni, na haikuwa imeguswa hata kwa bisibisi. Akaitwa fundi mmoja wa kiwanda kilichouzwa aifunge, mwenye kisanduku cha vifaa na mke mjamzito, na alipomaliza kuifunga akaombwa abaki kuitunza. Fulana za njano zikawa matambara ya kudekia. Walizisifu sana: pamba nzuri, inafyonza maji.

Bibi Harusi alijifungua mtoto wa kike katika wodi ya wazazi, juu ya shuka lililonyooka kiasi kwamba mkunga aliteleza. Wenzake wote wakaja kumtazama, wamejipanga kuzunguka kitanda, kila mmoja akidai mtoto kafanana naye. Nafasi yake ilikuwa inamngoja. Shangazi Pasi alimnong'oneza mtoto habari hiyo ili aijue mapema.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja mwembamba na kapu la matunda: wifi, amevuka mto kuja kumwona mjukuu wa kaka yake.

Udobi mzima ukamvamia. Wakamkumbatia, wakampokonya kapu, Bi Kimya akaanza vigelegele. "Shujaa wetu! Kama si nyie kututangulia, sisi tungekuwa tunavutana na nguzo mpaka leo!"

"Kuwatangulia wapi?" wifi akauliza.

"Kushinda! Kurudishwa kwenye ajira!"

Wifi akawatazama mmoja mmoja, akidhani wanamcheka. Halafu akafungua vifungo vya koti lake. Ndani alikuwa amevaa fulana ya njano. "Ndugu zangu, sisi ni mabosi mpaka asubuhi hii. Nimekuja kumwona mtoto, ndiyo, lakini wenzangu wamenituma niulize nyie mlifanyaje."

Vigelegele vikakatika. Bi Kimya mwenyewe akanyamaza, jambo lililomtisha kila mtu zaidi. Bibi Harusi akajiinua kwenye mto taratibu. "Mama?"

Mama Stachi akainamia kitanda haraka, akambeba mtoto. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," akasema, tayari anageukia mlango. "Tutaongea baadaye. Mtoto kalowa chapa chapa, ngoja nikambadilishe."

Bi Kimya akamzuia njia, akaingiza mkono ndani ya khanga, akapapasa nepi mbele na nyuma, bila haraka.

"Mkavu," akasema. "Mkavu kama unga."